Msiupumzishe Mkono Wangu

Nina hasira. Watu wa nyumbani wameniambia ningoje zipoe ndipo niandike. Sitangoja. Zikipoa nitaandika uongo, nitasema niliugua kwa uvumilivu na kila mtu alinitendea wema. Sikuugua kwa uvumilivu, na wema wao ndio ulionikalia shingoni.

Namwandikia yule ambaye upande mmoja wa mwili wake umelala na nyumba yake imejaa watu wanaomhurumia. Na kama wewe ndiye unayemhurumia, usiache kusoma. Wewe ndiye ninayekugombeza zaidi.

Naitwa Rwegasira. Kwetu ni Muleba, kilimani, ukisimama mwisho wa kibanja, yaani shamba letu la migomba, unaliona ziwa. Shule niliacha darasa la nne. Baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, akamchagua kaka yangu Kaijage, akaja kuwa mwalimu mkuu. Mimi nikavuka kwenda kisiwa cha Bumbire kubeba samaki wa watu. Nikabeba, nikaanza kununua, nikaishia kuwa na mitumbwi yangu na injini zake. Nyumba ya matofali nimejenga mwenyewe, watoto wote nimesomesha mwenyewe. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya basi, nasema kwa kujisifu. Nataka ujue ni mtu wa namna gani aliyekuja kulishwa kwa kijiko kama mtoto anayeota meno.

Kiharusi kilinipata msimu wa kahawa, asubuhi, nikigeuza kahawa juani. Reki ikaanguka. Nikainama kuiokota, mkono haukuja. Niliuona uko pale, ni wangu, una saa yangu, lakini haukuja. Nikataka kumwita mke wangu Adelina. Ikatoka sauti kama ya ndama. Yeye alikuwa jikoni, akajibu, "Acha utani, Tata Koku, maji yanachemka." Ndivyo anavyoniita, baba Koku, kwa jina la binti yetu. Alipotoka nje nilikuwa chini, uso kwenye kahawa.

Mambo ya madaktari sitaeleza. Sikuyaelewa, na wao hawakunieleza mimi, walimweleza Kaijage kwa Kiingereza mbele ya kitanda changu, na mimi nimelala pale kama gunia linalosubiri lori. Nilichoelewa ni mwili. Mdomo ulikwenda upande, mate yakawa yanashuka bila ruhusa. Mkono wa kulia ukawa mzito kama wa mtu mwingine aliyelala ubavuni kwangu. Mguu ulikuwa afadhali, uliburuzika. Maneno yalikuwa yote kichwani, yamepangana vizuri, yakifika mlangoni yanagoma. Na walinivalisha nepi. Nimeliandika neno hilo ili wewe uliyevalishwa ujue hukuwa peke yako. Muuguzi aliyenivalisha alikuwa akiongea na mwenzake habari za harusi.

Sasa nikueleze kuhusu Koku, maana habari hii ni yake kama ilivyo yangu.

Koku ni binti yetu wa mwisho, hajaolewa, anafanya kazi katika hospitali moja mjini Bukoba. Kazi yake inaitwa tiba kwa vitendo. Nilipomlipia masomo nilidhani anakuwa daktari. Nikaja kuambiwa anafundisha watu waliopooza kuvaa shati, kushika kikombe, kuoga, kupika, yaani kurudia maisha yao. Mwaloni, pale tunaposhushia samaki, walinicheka mpaka basi. "Rwegasira, ada yote ile binti anasomea kufunga vifungo?" Kisha, miezi michache kabla sijaanguka, akapata nafasi ya shahada ya pili ya kazi hiyohiyo, chuo kimoja Afrika Kusini, na wafadhili juu. Alitaka arudi afundishe wengine, maana waliopooza wamejaa vijijini na watu wa kazi yake huwaoni. Kaijage alipopata habari alisema mbele ya watu, "Kumbe sasa kuna uzamili wa vifungo!" Mimi kazi yenyewe sikuielewa sana, lakini nafasi naielewa. Chombo kikija, unapanda. Nilimwambia apande.

Nilipotoka hospitali wakaitisha kikao. Waliniketisha sebuleni kwangu, kwenye kiti changu, mto huku na mto huku. Kaijage ndiye mkubwa, akaongoza. Wanangu wa kiume walikuwa kwenye simu, mmoja Mwanza na mmoja Dar es Salaam, sauti imefunguliwa watu wote wasikie.

"Mnaiona hali ya mdogo wangu," Kaijage alisema. "Ma Koku peke yake hawezi. Vijana wana kazi na familia. Koku hana mume, hana mtoto, na ujuzi wake ndio huu wa waliopooza. Mungu ameshapanga. Hayo masomo aachane nayo."

"Ni kweli, Baba mkubwa," simu ikasema.

"Ni kweli kabisa," ikasema nyingine.

Koku alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Alitazama mikono yake. "Sawa, Baba mkubwa," akasema.

Hakuna aliyenitazama mimi. Nilitaka kusema hapana. Neno dogo namna ile! Nikasema "ba, ba, ba." Nikapiga meza kwa mkono wa kushoto, chai ikamwagika, machozi yakanitoka kwa hasira. Adelina akaja mbio na kitambaa, akanifuta uso, akawaambia, "Analia kwa furaha, masikini. Amefurahi mtoto anabaki." Na wao wakaitikia, wakashukuru Mungu, wakala ndizi zangu na nyama yangu wakaondoka.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyowachukia watu wote wa sebule ile, na wote ni damu yangu.

Koku alikiandikia chuo. Wakamjibu kwamba nafasi wataishikilia mpaka mwaka unaofuata, mara moja tu. Ikipita hapo yeye na ufadhili wake basi. Alinisomea majibu hayo kwenye simu yake, tukiwa wawili uani. Kisha akasema, "Tata, sitakwenda nikuache unalishwa. Nikikuacha hivi hata nikifika sitasoma. Ukiweza kula, kuoga na kuvaa bila mtu, nitapanda ndege. Usipoweza, nitabaki na sitakulaumu."

Nikatikisa kichwa juu chini mpaka shingo ikauma. Tangu siku hiyo nilikuwa na mwaka mmoja, na sikuwa nautafuta mkono wangu kwa ajili yangu. Nilitaka kumtoa mtoto kwenye nyumba ile.

Tatizo likawa Adelina.

Usinielewe vibaya, mke wangu ni mwanamke mwema kupita mimi. Lakini kwetu mtu hali kwa kushoto, wala hapokei kwa kushoto, wala hatoi. Wa kulia ulikuwa umekufa, wa kushoto una aibu. Kwa hiyo akanilisha. Akanikosha, akanivalisha, akanichania nywele. Ule mkono aliulaza juu ya mto wake laini wenye maua, akaufunika khanga, na kila mgeni akija anaambiwa, "Tunaupumzisha." Wageni nao wanasema, "Pumzisheni, pumzisheni." Ukapumzika mpaka vidole vikaanza kujikunja vyenyewe.

Koku alikuwa akirudi Ijumaa kutoka Bukoba. Ijumaa ya kwanza alifika tukiwa mezani, Adelina amenishikia kijiko mdomoni.

"Mama, nani kakwambia umlishe?"

"Unataka baba yako ale kwa kushoto kama mtu asiyelelewa?"

"Ale kwa kulia."

"Wa kulia unauona wewe?"

"Nauona. Uko pale kwenye mto, umevikwa khanga kama bibi harusi."

Nilicheka. Kicheko kilitoka kibovu, upande upande, lakini kilikuwa cha kwanza. Koku akachukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akauzungushia kwenye mpini wa kijiko mpaka ukawa mnene kama gunzi la muhindi. Akaweka kitambaa kibichi chini ya sahani isiteleze. Akanifunga vidole vyangu kwenye kijiko kwa vidole vyake, mkono wake juu ya wangu, tukaenda pamoja mpaka mdomoni. Maharage yakaingia shingoni, yakaingia kwenye shati, moja likaingia mdomoni. Adelina akatoka nje. Nikamsikia analia nyuma ya nyumba. Kwake ilikuwa kama binti ananitesa.

Jumatatu Koku akirudi kazini, kijiko kile kinafichwa, mto unarudi. Mwenzangu, hiyo ndiyo vita niliyopigana. Ugonjwa ulichukua nusu ya mwili, na huruma ikawa inataka nusu iliyobaki.

Nikimwonyesha Adelina kwa ishara kwamba aniache, anasema, "Nikikuacha ujioshe, watu watasema nimekuchoka." Na kweli wangesema. Mwanamke wa huku mume wake akionekana anahangaika na ndoo ya maji, majirani hawaulizi kwa nini, wanatoa hukumu.

Kliniki tulikwenda Bukoba kwa gari la kukodi, kila mvua za vuli zilipoturuhusu. Chumba cha Koku kiko nyuma kabisa, kupita stoo, na nje yake kuna benchi. Ah, benchi lile! Mtu aliyepooza anaambiwa aje asubuhi na mapema, aketi kwenye ubao usio na mgongo wa kuegemea. Niliona watu wanateleza taratibu mpaka ndugu anawainua. Anapita mwenye koti jeupe, unatengeneza uso umsalimie, amepita. "Mzee, subiri." Anapita mwingine. "Mzee, utaitwa." Mimi niliyekuwa nikifika mwaloni watu wanasimama.

Na Koku alikuwa ndani peke yake. Hakuna wa kumpokea. Akitoka kwenda haja, kazi imesimama kwa wilaya zote zinazomtegemea.

Siku moja aliketi karibu yangu kijana mvuvi kutoka Bumbire, mtu wa Ukerewe aliyekuja kutafuta maisha kisiwani, na mkewe. Umri wa mwanangu. Kiharusi kilimpata kwenye mtumbwi. Mkewe alikuwa na uji kwenye chupa, akamimina kikombe, akanipa na mimi bila kuniuliza, akakisukuma moja kwa moja kwenye mkono wangu wa kushoto. Hakuomba radhi, hakunihurumia. Uji ulikuwa wa moto na una limau. Sikusahau.

Kisha akaufunua mkono wa mumewe ili uwe tayari wakiitwa. Ulikuwa ngumi. Si ngumi ya kukunja, ngumi iliyoshindikana kukunjuliwa. Kucha zilikuwa zimeota zikaingia kwenye kiganja, na pale zilipoingia palikuwa panatoa harufu.

"Tangu lini?" Adelina akauliza, kaziba mdomo.

"Tangu masika, mama. Walituambia tuupumzishe mpaka upone. Kisiwani hakuna wa kutuambia vingine."

Niliutazama mkono ule. Kisha nikatazama mlango wa Koku, ambao nyuma yake alikuwa peke yake, na nikakumbuka kicheko cha uzamili wa vifungo. Hasira iliyonipanda nilidhani inaniletea kiharusi cha pili. Watu wanacheka vifungo! Yule kijana hakukosa dawa. Alikosa mtu mmoja wa kumwambia mkewe, fungua vidole hivi kila siku, mpe kamba ashike. Basi. Na mtu wa kufundisha watu wa kusema hivyo, ukoo wangu ulikuwa umemzuia kwenda kusoma ili abaki anipeperushie nzi.

Tuliporudi Muleba, mto wenye maua sikuuona tena. Lakini Adelina hakuacha kuniosha.

Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, wakaanguka. Mwaka ule waliteremka wengi, watu wakakesha na taa, asubuhi kila nyumba ina ndoo. Kwetu senene hunyonyolewa mabawa na miguu na wanawake na watoto, wameketi kwenye mkeka wanapiga soga. Mwanaume huletewa wamekaangwa, kwenye sahani. Hivyo ndivyo nilivyokulia na hivyo ndivyo nilivyotarajia kufa.

Jumamosi Koku akaleta beseni, likajaa, wanarukaruka, akaliweka mapajani kwangu.

"Nyonyoa, Tata."

Nikamwangalia. Nikamwonyesha mlango.

"Hata ukinifukuza nitarudi. Vidole vyako vinataka kitu chembamba, chepesi, kinachosumbua. Huko hospitali nina shanga za plastiki. Unataka shanga? Nikuletee utunge shanga?"

Nikalitazama beseni. Nikafikiria shanga. Nikamshika senene wa kwanza.

Mkono wa kushoto unamshika mwili, wa kulia unatafuta bawa. Usidhani ni rahisi. Vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu aliyevaa soksi mikononi. Wa kwanza nilimponda. Wa pili alinitoroka akaingia kwenye kola. Wa tatu nikamtukana kimoyomoyo matusi yote ya ziwani. Adelina alikwenda akafunga lango la ua, akatundika shuka kwenye kamba upande wa njia, watu wasione. Mpaka jua linapanda nilikuwa na senene watatu waliokamilika na jasho kama nimepakua mtumbwi.

Kaijage hajui kubisha hodi kwa mdogo wake. Akasukuma lango, akaingia, akalisukuma shuka kwa fimbo yake. Akaniona. Akasimama.

"Ee! Rwegasira!" akasema, na tumbo likaanza kutikisika. "Umeolewa wapi? Na mahari yako amepokea nani, mbona mimi mkubwa sikushirikishwa?"

Adelina akaficha uso. Koku akaanza kusimama. Na mimi, miezi yote ile ya ba, ba, ba, nikasikia maneno yanapanda kutoka tumboni, yameshikana mikono, yakafika mlangoni na mlango ukafunguka.

"Toka," nikasema. "Toka nyumbani kwangu, mpumbavu wewe."



Kaijage hakujua akasirike au afurahi. Akamwangalia Koku. "Amesema?"

"Amesema, Baba mkubwa," Koku akajibu, machozi yanamtiririka huku anacheka. "Tena amekamilisha sentensi."

Ndiyo maneno yangu ya kwanza. Wengine hurudishiwa sauti wakataja jina la Mungu. Mimi nilirudishiwa tusi, na nalishukuru.

Baada ya hapo sikuacha. Mwezi wa senene ulipokwisha Koku akanipa maharage ya kuchambua, kisha vifungo, ndiyo, vifungo vya shati la zamani, kisha kamba ya katani nifunge mafundo ya uvuvi niliyoyajua toka ujana. Shati niliambiwa mkono mgonjwa uingie kwanza, ukitoka utoke mwisho. Shika hilo, wewe unayesoma, litakuokolea nusu ya asubuhi. Kuoga nilioga nimeketi kwenye stuli, ndoo upande wa mkono mzima. Kuna siku niliweza na kuna siku sikuweza lolote, nikatupa viatu ukutani kwa mkono wa kushoto. Masika nzima mguu uliuma kwa unyevu na maneno yakawa yanajificha jioni. Pasaka nilikwenda kanisani kwa miguu yangu na fimbo, na watu wakaniambia, "Pole, pole, usingekuja." Nusura niwageuzie fimbo.

Na Adelina na Koku waligombana. Siku moja niliwasikia jikoni.

"Unamwendesha baba yako kama punda ili wewe upate kuondoka," mama alisema.

"Ni kweli nataka kuondoka," Koku akasema. "Mama, nataka sana. Hiyo ni dhambi?"

Nikasikia kisu kinaendelea kumenya ndizi.

Msimu wa kahawa ukarudi, na Kaijage akaitisha kikao cha pili. Muda wa chuo ulikuwa unakaribia, na yeye alitaka Koku aandike kwamba ameiacha nafasi moja kwa moja, mambo yaishe. Wakaja walewale, simu zilezile zikawekwa mezani.

Kwetu mgeni hupokewa kwa kahawa ya kutafuna, na mwenye nyumba ndiye humpa, kwa mkono wa kulia. Mwaka mzima Adelina alikuwa akizungusha kikapu kwa niaba yangu, na watu wakipokea kwake huku wakinitazama kama picha ya marehemu ukutani. Siku ile nilikichukua mimi. Nikasimama. Nikakishika kwa kushoto, nikachota kwa kulia, nikaenda kwa kila mmoja. Punje zilianguka. Nilipofika kwa Kaijage mkono ulikuwa unatetemeka, akainuka anisaidie.

"Kaa," nikasema.

Akakaa. Nikamwekea kahawa kiganjani. Ilichukua muda.

"Koku anaondoka," nikasema. Maneno yangu yalikuwa ya polepole na yako polepole mpaka leo, lakini wote walisikia. "Siwaombi ruhusa."

"Na nani atakutunza?" Kaijage akauliza.

"Mimi."

"Rwegasira, wewe ni mgonjwa."

"Mwaka jana mlinipangia mimi nipo. Mkasema nalia kwa furaha. Leo naongea. Nani hajasikia?"

Simu ya Mwanza ikasema, "Tumesikia, Tata." Ya Dar es Salaam ikakatika, sijui mtandao, sijui aibu.

Adelina aliinuka akaenda jikoni. Wiki nzima hakuzungumza nami zaidi ya chakula na maji. Aliona nimemfukuza mtoto na nimemwachia yeye peke yake mzigo siku nikianguka tena. Hakuwa amekosea kuogopa. Koku alipoondoka, alimkumbatia mama yake mlangoni kwa muda mrefu, na Adelina alikuwa amekaza mwili kama mti, mikono chini.

Nitakuambia pia kilichotokea baadaye, maana nimeahidi kutoandika uongo.

Koku alipokuwa anakaribia mitihani yake ya kwanza, nilianguka bafuni. Asubuhi, sabuni, mguu ukakwenda. Nikapiga bega la upande mbovu kwenye sakafu na kichwa kikagonga ndoo. Adelina akaingia mbio. Aliponiona, uchi, damu kidogo kwenye nyusi, akapiga yowe na kuchomoa simu mfukoni mwa gauni.

"Nampigia Koku. Arudi. Nilisema mimi! Nilisema!"

"Usimpigie."

"Nitampigia!"

"Ukimpigia atarudi," nikasema. "Unamjua. Atarudi leo leo, na chuo kitakuwa kimekwisha."

Alisimama pale, kidole juu ya simu. Maji yalikuwa yanamwagika miguuni kwake. Nilimwona anaitazama simu, ananitazama mimi, anaitazama simu. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuona mtu anapigana namna ile bila kujongea. Kisha akaiweka simu juu ya dirisha.

"Haya," akasema. "Inuka."

Hakunivuta. Mikono yake ilikuja, ikarudi, akaishika nyuma ya mgongo wake mwenyewe. Akaisogeza stuli kwa mguu mpaka mbele yangu. Nikageukia ubavu mzima, nikapiga goti, nikashika stuli, nikakaa sakafuni tena, nikamtukana mtengeneza sabuni, nikajaribu upya. Mara ya tatu nilikuwa nimeketi juu ya stuli. Tukabaki hivyo, mimi natweta, yeye analia bila sauti.

"Nipe taulo," nikasema.

"Lichukue, liko pale," akanijibu.

Tulikuwa uani tukinywa chai Koku alipopiga. Nilikuwa nimevaa kofia majirani wasilione jeraha la nyusi. Adelina akapokea kabla sijafika kwenye simu, akaifungua sauti.

"Mama, mmeamkaje? Tata hajambo?"

"Hajambo," Adelina akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, imenyooka. "Ameoga mwenyewe, amekunywa chai, anatukana watu. Wewe soma."

Akakata. Akasogeza sahani ya viazi upande wangu wa kulia, mbali kidogo, mahali ambapo lazima nijinyooshe.

Koku yuko huko bado, amebakiza mwaka. Mkono wangu haukurudi wote na hautarudi. Kalamu hii imezungushiwa mpira. Habari ya bafuni atakuwa anaisoma hapa kwa mara ya kwanza, na najua atakasirika. Akasirike. Akimaliza, arudi kwenye kitabu.